Mjadala: Je, anayetaka kufungua gereji alazimishwe kuwa na cheti cha ufundi?

Mwanzisha mada:

Kila halmashauri za Dar es Salaam zinapoamua kuondoa gereji bubu kwenye hifadhi za barabara, hurudi pendekezo lilelile: leseni ya gereji itolewe kwa mwenye cheti cha ufundi peke yake. Ninalipinga pendekezo hilo jinsi lilivyowekwa, na ninaomba wenye maoni tofauti wanijibu kwa hoja.

Mafundi wengi wanaotutengenezea magari walijifunza kazi wakiwa saidia fundi. Walianza kwa kuosha spea na kushika tochi, wakaruhusiwa kufungua magurudumu, wakafika kwenye gia boksi, hadi wakaaminiwa kushusha injini peke yao. Magari yaliyojaa nchini mwetu yamekwisha kutumika Japani kabla ya kufika hapa, kwa hiyo huja na uchovu wake, na anayeyajua magonjwa yake ni yule aliyeyafungua miaka nenda miaka rudi. Ujuzi huo upo, na umeilisha miji yetu kwa muda mrefu.

Kinachomkwamisha fundi wa namna hiyo asiwe na gereji yake halali ni mahali pa kufanyia kazi. Leseni ya biashara, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1972, huombwa kwa namba ya mlipakodi pamoja na uthibitisho wa eneo, kwa kawaida mkataba wa pango. Anayefanya kazi chini ya mwarobaini kando ya barabara hana mtu wa kumsainia mkataba huo, hata awe hodari kiasi gani. Akipata kiwanja cha kupanga, mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kabla hajanunua jeki kubwa, kompresa, wala mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Mtaji wote unaishia kwenye ardhi, na mteja wa kwanza anapofika hukuta fundi anaazima spana kwa jirani. Tukiongeza sharti la cheti juu ya mzigo huo, tutazizidisha gereji bubu tunazodai kuziondoa.

Tutazame Kumasi, nchini Ghana, kwenye eneo la mafundi liitwalo Suame Magazine. Mwaka 1980 chuo kikuu cha KNUST cha mji huo kilifungua kituo chake palepale penye gereji na karakana ili kuwafundisha mafundi mbinu mpya. Elimu ilimfuata fundi alipo. Ninataka halmashauri zetu zitenge maeneo ya gereji yenye maji, umeme na njia ya magari, ndipo tuzungumze habari za vyeti.

Mwalimu wa ufundi wa magari:

Ndugu mwanzisha mada, kuhusu eneo umesema kweli tupu. Hata hivyo, unazungumza kana kwamba cheti lazima kipatikane kwa kukaa darasani miaka miwili. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, huongezewa mafunzo pale anapopungukiwa, kisha hutunukiwa cheti. Mzee aliyejifunzia kazi mtaani hahitaji kuanza upya na vijana waliomaliza shule jana.

Jambo la pili ni magari yenyewe, na hapa sitarudi nyuma. Betri kubwa ya Toyota Prius, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, ina volti zaidi ya 200, kiasi kinachoweza kumuua anayeigusa vibaya. Mtungi wa gesi asilia, ambao sasa unafungwa kwenye magari mengi ya Dar es Salaam, hujazwa kwa mgandamizo wa takriban bar 200. Eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga, ikifunguliwa bila kufuata taratibu zake inaweza kulipuka usoni mwa fundi. Zamani saidia fundi alijifunza kwa kukosea, akaharibu gasketi, akakaripiwa na kazi ikaendelea. Kwa vifaa hivi, kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho.

Mmiliki wa gari la abiria:

Mimi nilibadilishiwa breki za mbele mahali ambapo sikupewa hata risiti. Siku chache baadaye pedali ikaenda hadi chini huku nikiwa na abiria, na Mungu pekee ndiye aliyetunusuru. Niliporudi, fundi alikuwa amekwisha kuhama. Trafiki akikuta gari bovu barabarani humkamata dereva na kumwajibisha mmiliki, wala hamuulizi aliyelitengeneza. Kwangu mimi cheti kinakuja baadaye. Ninachodai ni kila gereji iandike kazi iliyofanyika, aliyeifanya na spea iliyofungwa, na iwe na mahali inapopatikana.

Mkazi wa Ilala:

Msisahau oil chafu. Baadhi huuzwa kwa wanaopaka mbao kuzuia mchwa, lakini nyingine humwagwa kwenye mitaro inayoelekea Mto Msimbazi. Tuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ila kwa fundi anayehamahama haina pa kumshikia.

Mwanzisha mada:

Nawashukuru. Maneno ya mwenye gari la abiria na ya mkazi wa Ilala yananipa nguvu zaidi: asiye na eneo hawezi kudaiwa kumbukumbu wala pipa la oil chafu. Kwa Mwalimu, nakubali kwamba breki, usukani, eabegi, gesi na magari ya haibridi yashughulikiwe na aliyepimwa tu. Anayenyoosha bodi, anayeziba pancha au anayeshona viti asifungiwe mlango kwa sharti hilohilo.

Ninachokiomba ni mpangilio: eneo kwanza, leseni ya muda ya mwaka mmoja, kisha wapimaji wamfuate fundi humo gerejini kabla mwaka haujaisha. Mwalimu, bado hujatueleza nani atalipia upimaji huo, na fundi anayelipwa kwa kazi ya siku atalisha nini nyumbani siku anazopimwa. Naomba utujibu hilo.