Mjadala: Boston ilimuuza Mookie Betts kwa kukosa fedha au kwa kukosa mpango?

Soksi Nyekundu (mleta mada):
Wadau wa besiboli, naweka hoja mezani. Februari 2020 Boston Red Sox iliwapeleka Mookie Betts na David Price kwa Los Angeles Dodgers, ikapewa Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Betts alikuwa na miaka 27. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa American League (moja ya ligi mbili za besiboli kuu ya Marekani), na Boston ikashinda mechi 108 kabla ya kuwafunga hao hao Dodgers kwenye fainali. Utetezi wa uongozi ni ule ule hadi leo: kodi ya mishahara, yaani ile ambayo timu hutozwa jumla ya mishahara yake ikivuka kiwango kilichowekwa. Mimi nasema kodi ni kisingizio. Ukishakubali kumwachia mtu kama yule ili ushuke chini ya kiwango, maamuzi yako yote yanayofuata yafuate hesabu hiyo. Hayakufuata. Mwaka 2022 wakavuka kiwango tena, na wakamaliza mkiani mwa kundi lao! Na mtu asije na habari za ukata. Wenye timu ni Fenway Sports Group, hao hao wenye Liverpool.

Mhasibu wa Benchi:
Mkuu, tuanze na hesabu maana wengi huikosea. Kodi haiangalii mshahara mchezaji aliopokea mwaka huo, inaangalia wastani wa mkataba mzima. Mfano ni Price mwenyewe: mkataba wake ulikuwa dola milioni 217 kwa miaka 7, kwa hiyo daftari la kodi linamsoma 31 kila mwaka, ingawa miaka 3 ya mwisho alikuwa akilipwa 32. Wanahesabiwa wote walio kwenye orodha ya wachezaji 40, kisha timu inaongezewa fungu lake la bima na marupurupu.

Mwaka 2020 kiwango kilikuwa milioni 208. Ukivuka mwaka wa kwanza, ile ziada inatozwa asilimia 20, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu 50. Boston ilikuwa imevuka 2018 na 2019. Kinachowavutia mabosi ni kwamba ukishuka mwaka mmoja tu, unaanza upya kwenye 20. Betts alikuwa na mshahara wa milioni 27. Price alibakiza 96, Boston ikakubali kulipa nusu, yaani 48. Ukitoa hiyo nusu, daftari la kodi lilipungua kama milioni 42 kwa mkupuo mmoja. Tena Betts alibakiza mwaka mmoja kabla ya kuwa mchezaji huru, na iliripotiwa kwamba alikataa milioni 300 kwa miaka 10 akitaka 420 kwa miaka 12. Hapo wewe ungefanyaje?

Bi Takwimu:
Ningeendelea kuzungumza naye. Julai 2020, kabla hajaichezea Dodgers mechi hata moja ya ligi, alisaini miaka 12 kwa milioni 365. Katikati ya 300 na 420 ni 360. Pengo halikuwa la kutisha kiasi cha kumfungashia virago.

Lakini kwangu kosa kubwa ni la kiufundi: kumuuza Betts na Price kwenye mfuko mmoja. Ukimwambia mnunuzi achukue bora yako pamoja na mkataba mzito wa mrushaji wa miaka 34, sehemu ya thamani ya Betts inatumika kulipia usumbufu wa Price, na vijana unaopewa wanapungua ubora. Ndivyo ilivyokuwa. Mpango wa kwanza ulihusisha pia timu ya tatu, Minnesota, na Boston ilikuwa impate mrushaji Brusdar Graterol. Wakasoma ripoti ya afya yake, wakaona huenda ataishia kuwa mrushaji wa kuingia baadaye na si wa kuanza mechi, wakadai nyongeza, Minnesota ikajitoa. Ndipo wakaja Downs na Wong. Downs aliichezea Boston mechi 14 mwaka 2022, wastani wa kupiga .154, Desemba akaachwa. Verdugo akapelekwa New York Yankees Desemba 2023. Graterol naye akatua Dodgers na kubeba ubingwa wa 2020 pamoja na Betts.

Mhasibu wa Benchi:
Dada, Julai 2020 ilikuwa korona. Viwanja vitupu, hakuna aliyejua soko la wachezaji huru lingekuwaje miezi minne mbele. Ile 365 ilipatikana kwenye hali ambayo Januari haikuwepo. Kuhusu mfuko mmoja nakubaliana nawe, ingawa bila kumwondoa Price wangebaki na mkataba uleule na wasifike chini ya 208.

Soksi Nyekundu:
Basi twende 2022, maana hapo ndipo utetezi wa kodi unapokufa.

Kiwango kilikuwa milioni 230. Timu 6 zilitozwa mwaka ule, na Boston ndiyo iliyolipa kidogo kuliko zote: kama milioni 1.2. Kwa asilimia 20, maana yake walivuka kwa milioni 6 hivi. Kwa timu ya ukubwa ule hizo ni hela za chai. Adhabu yenyewe haikuwa kodi. Baada ya msimu shotistopu wao (mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu), Xander Bogaerts, alitumia kipengele chake akavunja mkataba. Yeye na mrushaji Nathan Eovaldi walipewa ofa rasmi ya mwaka mmoja ya milioni 19.65, wakaikataa, wakaondoka: Bogaerts San Diego kwa 280 miaka 11, Eovaldi Texas. Timu ikipoteza mchezaji kwa njia hiyo hufidiwa nafasi kwenye drafti ya vijana. Usipovuka kiwango, na kama hupokei mgao wa mapato wanaopewa timu ndogo, fidia yako inakuja kabla ya raundi ya tatu. Ukivuka hata kwa dola moja, inasogezwa hadi baada ya raundi ya nne. Boston ikapewa nafasi ya 132 na 133, takribani nafasi 60 nyuma ya zile ambazo ingepata. Na kila nafasi ina bei yake ya bonasi inayoingia kwenye bajeti ya drafti, kwa hiyo bajeti nayo ilipungua, kwa vijana wawili.

Dawa ilikuwepo. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ilikuwa Agosti 2. Mpigaji J.D. Martinez alisomeka milioni 22 kwenye daftari na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Theluthi ya msimu iliyobaki ni kama milioni 7. Kumwondoa yeye peke yake, mnunuzi akibeba mshahara wote, kungewashusha. Walichofanya? Wakamuuza mdakaji Christian Vázquez kwa Houston, halafu papo hapo wakawaleta Tommy Pham na Eric Hosmer. Ukiuza, uza, ukinunua, nunua. Wakamaliza 78–84.

Kona ya Bleacher:
Naongeza kidogo. Machi 2022 walimsaini Trevor Story kwa milioni 140 miaka 6, shotistopu akipangwa kituo cha pili kwa sababu Bogaerts yupo. Kipindi hicho hicho iliripotiwa kwamba ofa kwa Bogaerts ilikuwa kuongezewa mwaka mmoja wa milioni 30 tu. Mtu anajua kusoma alama. Januari 2023 Story akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, na timu ikabaki bila shotistopu wa uhakika.

Chaim Bloom, mkuu wa usajili, alifukuzwa Septemba 2023, akaja Craig Breslow, na tatizo la mpango likabaki. Novemba mwenyekiti Tom Werner aliahidi wataingia sokoni kwa nguvu zote. Usajili mkubwa ukawa mrushaji Lucas Giolito, milioni 38.5 kwa miaka 2, kiwiko kikamtoa msimu mzima wa 2024. Mrushaji Chris Sale wakamtoa kwa Atlanta, tena wakimlipia milioni 17. Akashinda mechi 18, akapoteza 3, akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi.

Mhasibu wa Benchi:
Hilo la Sale tusilihukumu kwa macho ya leo. Kuanzia 2020 hadi 2022 alianza mechi 11 tu. Timu nyingi zingemtoa. Na mseme na mazuri: Garrett Whitlock alichukuliwa kutoka Yankees kwenye drafti ya Desemba 2020 ya wachezaji wasiolindwa, kwa dola 100,000. Mwaka 2021 timu ilifika nusu fainali. Januari 2023 Rafael Devers alifungwa kwa milioni 313.5.

Bi Takwimu:
Devers huyo aliyepelekwa San Francisco Juni 2025? Alex Bregman alisainiwa Februari, akachukua nafasi ya Devers kwenye kituo cha tatu, mzozo ukaanza, miezi minne baadaye kaondoka. Unampa mtu miaka 10 bila kuamua atasimama wapi uwanjani.

Kanuni yangu ni fupi. Kufikia katikati ya Novemba uongozi uchague: chini ya kiwango, ukiacha akiba ya angalau milioni 10 kwa ajili ya majeraha na nyongeza za Julai, au juu kabisa kwa nia ya ubingwa. Kuvuka kwa milioni 6 ni kulipia adhabu bila kununua chochote.

Soksi Nyekundu:
Hapo umemaliza. Mhasibu, la Martinez bado hujalijibu.

Mhasibu wa Benchi:
Najibu. Julai ile timu ilishinda mechi 8 ikafungwa 19, lakini nafasi za mtoano zilikuwa zimeongezwa hadi timu 6 kwa kila ligi, na bado walikuwa wanazikaribia. Halafu nitajie timu iliyokuwa tayari kubeba milioni 7 zote za mpigaji asiyecheza ulinzi, aliyeboronga Julai nzima. Ukianza kuwasaidia kulipa, sehemu utakayolipa inabaki kwenye daftari lako, na unaweza kumtoa Martinez na bado usifike chini ya 230.

Soksi Nyekundu:
Basi ungemwongeza Eovaldi kwenye orodha ya wanaouzwa. Milioni 17 kwa mwaka, theluthi yake ni zaidi ya 5, na mrushaji wa kuanza hakosi mnunuzi Agosti.