Binti wa miaka 13: The 100, Stranger Things au Lost in Space?

MamaWatatu (Tanga)
Habari za jioni wanajukwaa. Likizo imeanza na binti yangu, ana miaka 13, kaja na ombi la kuangalia The 100. Anadai wenzake wote wameshaimaliza. Nilipombana, "wote" wakawa wawili.

Nimepanga nimruhusu tamthilia moja kati ya tatu: hiyo The 100, Stranger Things, au Lost in Space ile mpya iliyoanza 2018. Wote wakishalala nimeangalia sehemu mbili za mwanzo za kila moja. The 100 nilidhani ni vijana kupendana msituni. Kumbe sehemu ya kwanza haijaisha kijana Jasper kachomwa mkuki kifuani, na ya pili wanamkuta katundikwa mtini kama chambo. Nikazima.

The 100 na Stranger Things zote zimeandikwa TV-14, Lost in Space ni TV-PG. Sasa ina maana binti yangu akisubiri mwaka mmoja ndiyo basi, ruksa? Na kuna mdogo wake wa miaka tisa anayejifanya kalala kwenye kochi.

BabaWawili (Nakuru)
Pole mama. Hiyo TV-14 ni alama ya Wamarekani, wameitumia tangu 1997. Haisemi mtoto akifika 14 yuko salama. Inamwambia mzazi kwamba kuna mambo ambayo wengi hawangependa mtoto wa chini ya miaka hiyo aone peke yake. Angalia pia herufi ndogo zinazofuata: V ni vurugu, L ni matusi, S ni mambo ya ngono, D ni mazungumzo ya kuelekea huko. Huku kwetu Kenya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina GE (ya wote), PG (mzazi aelekeze), 16 na 18, kwa hivyo hata ukitafuta 14 yao kwenye ngazi yetu, haiko. Iko katikati ya PG na 16, na hapo ndipo kazi ya mzazi inaanza.

KijanaWaDom
Shikamooni wakubwa. Mimi niko kidato cha sita. The 100 niliiangalia nikiwa na miaka 14, niliwekewa misimu yote kwenye flashi dukani. Kwenye flashi hakuna TV-14 wala nini, kuna jina la faili tu.

Mama, damu unayoiogopa mimi nimeshaisahau. Ninayemkumbuka mpaka leo ni Charlotte. Hadithi yenyewe ni kwamba miaka 97 baada ya vita vya nyuklia, watu waliobaki wanaishi kwenye chombo angani. Mtu mzima akikosa anarushwa nje, anakufa. Walio chini ya miaka 18 wanafungwa, na mia moja kati yao ndio wanaoteremshwa duniani kujaribiwa kama panafaa kuishi. Charlotte ni mdogo kuliko wenzake, karibu rika la binti yako. Wazazi wake walirushwa nje kwa amri ya kiongozi wa chombo, ambaye ni baba wa kijana mwenzao, Wells. Kila usiku anaota ndoto mbaya, na kaka mmoja mkubwa anamshauri ayamalize majinamizi yake. Basi sehemu ya tatu anamchoma Wells kisu. Ya nne anajirusha kwenye genge. Sikulala vizuri kama wiki hivi, na sikumwambia mtu kwa sababu nyumbani walijua naangalia mambo ya sayansi.

MamaWatatu (Tanga)
Marahaba mwanangu. Lo. Mimi niliishia ya pili.

MwalimuFizikia
Niitetee kidogo The 100. Mwisho wa msimu wa pili Clarke, binti anayewaongoza vijana wale, na wenzake wawili wanavuta wenzo unaoingiza mionzi ndani ya Mlima Weather, ngome ya maadui zao, na karibu wenyeji wote waliomo wanakufa, wakiwamo watoto na watu waliowaficha na kuwasaidia. Tamthilia haimpigii makofi. Inambebesha mzigo ule misimu inayofuata. Kijana wa miaka 16 ukikaa naye mkabishana kama alikuwa na njia nyingine, umepata somo la uraia ambalo mimi siliwezi darasani. Tatizo ni kwamba iko sehemu 100 kamili, misimu saba, 2014 hadi 2020, na karibu kila msimu unarudi palepale: kabila letu au kabila lao. Ukiangalia sehemu tano kwa siku, kuua kunageuka hesabu.

Sayansi yake usiiamini. Mionzi mle inafanya lolote mwandishi anavyotaka.

Lost in Space ndiyo ningempa mtoto wa tisa na wa 13 pamoja. Sehemu ya kwanza dada mkubwa, Judy, anazama majini kutafuta vifaa, maji yanaganda naye akiwa ndani. Inatisha kweli, mtoto wako mdogo ataziba macho. Lakini angalia wanavyohangaika: mdogo wake Will anakumbuka magnesiamu, kwamba ikiwaka inaweza kuyeyusha njia kwenye barafu. Wanafunzi wangu wameuona utepe wa magnesiamu ukiwaka mwanga mweupe, kwa hiyo pale walishangilia kama mpira. Mama wa familia ni mhandisi, na mara nyingi yeye ndiye mwenye jibu. Ya kuzungumza na watoto ni mawili: baba na mama wametengana kimoyo, na yule anayejiita Daktari Smith ni tapeli aliyeiba jina la mtu na anadanganya kwa sauti ya upole. Mtoto mdogo anamwamini mapema sana. Iko sehemu 28 tu, imeisha 2021, haitakula likizo nzima.

BibiMkali (Unguja)
Mbona hamsemi mapenzi? Au mnaona haya?

BabaWawili (Nakuru)
Shikamoo bibi. Yamo. The 100 wanaingia haraka, hakuna mzazi wa kuwachunga kule msituni. Stranger Things, sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, Nancy anabaki chumbani na Steve, na usiku uleule rafiki yake anachukuliwa na lile zimwi. Haionyeshi sana, lakini mtoto wa 13 ataelewa. Lost in Space ni mabusu.

BibiMkali (Unguja)
Marahaba. Basi niseme nilichokiona kwangu. Wajukuu wakikaa na wazazi wao, busu likitokea rimoti inatafutwa mbio. Mtu akichinjwa, wote wanaangalia mpaka mwisho na popkoni mkononi.

AliyekoMinneapolis
Nimesoma yote, naona Stranger Things mmeipita haraka, nami ndiyo ninayoijua. Msimu wa kwanza, 2016, ni wa watoto wa miaka 12 kwenye baiskeli, mji mdogo wa Hawkins, mwaka 1983, rafiki yao kapotea. Mtu angesema ni hadithi ya zimwi tuliyosimuliwa na bibi, ila zimwi limetoka maabara ya serikali. Msimu wa nne, 2022, kuna Vecna, anawanyanyua vijana hewani na kuwavunja viungo kimoja kimoja, na anawachagua wale wenye majonzi waliyoyaficha. Mwanzo wake unaonyesha maiti za watoto maabara. Ulitoka tarehe 27 Mei, siku tatu baada ya watoto kupigwa risasi shuleni Uvalde, Texas, na Netflix wakaweka onyo mbele ya sehemu ya kwanza. Bado alama ni TV-14, ileile.

Waigizaji walikua na tamthilia ikakua nao. Mwanangu alianza akiwa na miaka 11 na Vecna alimkuta ana 17. Binti yako akianza leo, Vecna atamkuta Jumatano ijayo.

Kwa hiyo mimi singeuliza tamthilia ipi. Ningeuliza msimu upi. Kama mnatumia Netflix, mtengenezee profaili yake, weka kikomo cha umri, na profaili yako iwekee namba ya siri, vinginevyo atahamia kwako. Ila kikomo kinaifungia tamthilia nzima au kinaifungulia nzima, hakijui msimu wa kwanza na wa nne. Hilo ni la mzazi kukaa pale.

KijanaWaDom
Na flashi haina namba ya siri.

MamaWatatu (Tanga)
Asanteni nyote. Nimeamua hivi. Lost in Space ni ya wote, mchana, sebuleni, hata huyu wa kochini. Stranger Things msimu wa kwanza na wa pili ni mimi na binti peke yetu, Jumamosi, sehemu mbilimbili, na tukifika mwisho wa msimu wa pili tunasimama tunazungumza upya. The 100 mpaka afike kidato cha tatu, na flashi zote zinapita kwangu kwanza.

Amekubali kwa kununa. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu muda wote huu, kumbe anasoma. Sasa ananiuliza Charlotte alijirusha genge gani na kama maiti ilipatikana.

KijanaWaDom
Nisamehe mama. Nilitakiwa nionye kwanza kwamba nasimulia.