Ripoti mbili za CT scan ya mzee zinapishana, modeli ya kompyuta inaweza kuamua?

Mwana_Kondoa:
Habari wakuu. Mzee wangu ana miaka 67, yuko Kondoa, presha anayo siku nyingi. Mwaka jana CT scan ya kifua ilionyesha aota yake, yaani mshipa mkuu wa damu, imetanuka pale inapopanda kutoka kwenye moyo: sm 4.6. Mwaka huu kapimwa hospitali nyingine, ripoti inasema 5.1. Daktari wa moyo anasema kama kweli imekua nusu sentimita ndani ya mwaka, tuanze kuongea habari za upasuaji. Ndugu wameshaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza.

Mimi niko hapa Nzuguni, kazi yangu ni programu. Nimezipitisha CD zote mbili kwenye TotalSegmentator, ile modeli ya bure ya kuchora viungo kwenye picha za CT, iliyotoka Basel, Uswisi. Aota imeichora vizuri tu. Nikaandika kodi fupi ya kupima upana mkubwa kwenye vipande vya sehemu hiyo inayopanda. Nimepata 5.0 kwa mwaka jana, 5.1 kwa mwaka huu. Sasa nimwamini nani?

Radiografa_Makole:
Pole na kuuguza, mdogo wangu. Weka modeli pembeni kwanza, fungua picha zenyewe. Unene wa vipande ni milimita ngapi kwa kila CD? Na ule mstari wa kipimo, umechorwa kwenye picha za kawaida za mkato wa mlalo au kwenye picha iliyogeuzwa?

Mwana_Kondoa:
Shukrani, kaka. Ya kwanza ni mm 1, ya pili mm 5. Ya pili mstari uko kwenye mlalo wa kawaida. Ya kwanza picha imegeuzwageuzwa, sikuelewa kwa nini.

Radiografa_Makole:
Basi ndiyo hapo penyewe. Aota haipandi wima, inapanda imeinama. Ukikata muwa panga likiwa mshazari, uso wa kipande unatoka mrefu kuliko unene wa muwa wenyewe. Piga hesabu: tuseme imeinama nyuzi 25, 4.6 gawanya kwa kosaini ya nyuzi 25, unapata karibu 5.1. Inaelekea msomaji wa kwanza aligeuza picha mpaka mkato ukawa mraba (nyuzi 90) na mshipa, wa pili akapima kama alivyoikuta. Lakini athibitishe daktari wa radiolojia, siyo mimi.

Kodi yako nayo imekata mshazari, ila imekata mshazari uleule mara zote mbili. Kwa hiyo kuhusu ukuaji, namba zako zinaniambia kitu kuliko ripoti za watu wawili waliopima kila mmoja kivyake. Milimita moja ya tofauti, tena CD moja ina vipande vya mm 5, siwezi kuiita ukuaji. Mimi hizi modeli nazipendea hilo tu: hazichoki, na rula yao haibadiliki hata ikiwa saa kumi jioni na foleni imefika mlangoni. Sasa itengeneze: tafuta mstari wa kati wa aota, kata mraba nao hatua kwa hatua, ndipo upime.

Ila usiipe kazi isiyo yake. Inaipaka aota yote rangi moja. Ukuta wa ndani ukichanika damu ikapita njia mbili, haitakuambia ipi ni ya kweli. Na karibu na moyo, skani isiyofuatana na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) huacha kivuli cha mapigo, mtu akadhani ni mchaniko.

Dkt_Ihumwa:
Naongezea la mgonjwa. Kwa wengi upasuaji wa sehemu hiyo hufikiriwa kuanzia sm 5.5, mapema zaidi kwa wenye ugonjwa wa kurithi kama Marfan au ikikua haraka. Presha ishushwe sasa, isisubiri kodi. Akipata maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku.

Na usipandishe mafaili hayo mtandaoni jinsi yalivyo. DICOM, yaani aina ya mafaili ya picha za hospitali, hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Mwana_Kondoa:
Asante daktari, dawa tutazisimamia. Kaka, vipande vya mm 1 vya mwaka huu naweza kuvipata bado?

Radiografa_Makole:
Wahi kesho na flashi. Data ghafi za mashine hufutwa nafasi ikijaa, wasipokuwa na vipande vyembamba vilivyohifadhiwa hakuna cha kutengeneza upya. Ukivipata, mpelekee msomaji mmoja skani zote mbili azipime siku moja.