Ziwa gani karibu na Malindi la kutazama ndege na watoto?

MamaZuhura: Salaam alaikum. Wanangu wamechoka na ufuo, wanataka ndege na viboko. Nina darubini ya marehemu babangu, gari sina. Twende wapi?

Mzee wa Sabaki: Waalaikum salaam mwanangu. Ziwa Jilore. Hilo hujazwa na mto Sabaki ukifurika, kwa hiyo usiende ukame umekaza, utaona matope tu. Ila mimi ningeanza mdomoni mwa Sabaki, kaskazini ya mji. Shukeni darajani mtembee hadi baharini asubuhi, maji yakiwa yanatoka: ndege huteremka kwenye matope kula. Kuanzia Septemba hadi Aprili wamo pia wageni wa Ulaya na Asia. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, huja wapendapo, usiwaahidi watoto.

KijanaMpeketoni: Viboko njooni kwetu Lamu, Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni. Lakini ni safari ndefu, na ziwa hili lishawahi kukauka wakati wa kiangazi.

MamaZuhura: Mpeketoni bila gari? La, ahsante. Na viboko Sabaki?

Mzee wa Sabaki: Wamo. Chukua kijana wa pale awaongoze, na watoto wasikaribie majani marefu. Kiboko akirudi majini hapishi mtu.