Usaili wa Afisa Ugavi II Utumishi: jina linatofautiana kwenye vyeti, na mahojiano naanzia wapi?

BintiUgavi
Habarini wakuu, naombeni msaada wa haraka. Nimepita mchujo wa Utumishi (Sekretarieti ya Ajira) nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II, nimeitwa mahojiano Dodoma wiki ijayo, namshukuru Mungu sana maana toka nimalize chuo nipo tu na vibarua vya stoo hapa Morogoro. Sasa leo nakagua vyeti ndo naona cheti cha kuzaliwa na NIDA jina la baba ni Saidi, ila cha form four na cha chuo ni Said, haina i mwishoni. Herufi moja tu jamani. Watanizuia mlangoni? Na la pili sijawahi kukaa mbele ya paneli, mchujo ulikuwa kuandika tu, sasa wakisema tuambie kuhusu wewe naanza na nini? Maswali ya kazi wanatoa kwenye notisi za chuo au?

Mzee wa Stoo
Hongera mdogo wangu, kupita mchujo si kazi ndogo. Ila hilo la jina usilichukulie poa hata kama ni herufi moja. Soma lile tangazo la kuitwa usaili mpaka chini, wanasema majina yakitofautiana uje na deed poll, yaani hati ya kisheria ya kuthibitisha jina, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwahiyo kiapo cha mahakamani peke yake usikitegemee. Kesho asubuhi nenda kwa wakili akuandalie, ukitoka hapo moja kwa moja ofisi ya ardhi uulizie usajili, usingoje wiki iishe.

Na beba vyeti halisi vyote, kuanzia cha kuzaliwa, form four, form six kama ulisoma, cha chuo, na kitambulisho. Provisional, statement of results na zile karatasi za matokeo ya form four hawazipokei kabisa. Inauma sana kuona mtu katoka Kigoma na basi, nauli ya kukopa, anarudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi wakati kichwani yuko vizuri. Nauli, kula na kulala unajigharamia mwenyewe kwahiyo jipange, na ufike Dodoma siku moja kabla.

ZabuniDom
Dada mimi nipo kwenye kada hiyo, nikwambie ukweli notisi za chuo weka pembeni kwanza. Wengi tulisomeshwa Sheria ya Ununuzi ya 2011 na mfumo wa TANePS wa kununua kwa mtandao, hivyo vyote vimepita. Sasa hivi ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, Kanuni zake za 2024, na mfumo wa mtandao ni NeST. Ukikaa mbele ya watu wa ununuzi ukaanza kueleza TANePS kama ndo inatumika leo wanajua hapo hapo hujafuatilia kazi yako.

Kitu cha kushika vizuri ni nani anafanya nini: afisa masuuli (mkuu wa taasisi), bodi ya zabuni, kitengo cha ununuzi, idara yenye uhitaji, kamati ya tathmini. Maana swali wanaweza kulileta hivi, mkuu wa idara anataka kompyuta haraka, kakuletea proforma (karatasi ya bei) ya duka fulani mkononi anasema andaa oda leo, utafanyaje? Watu wengi hapo wanajibu nitamkatalia, basi, wananyamaza. Wewe anza kuangalia kama zipo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na bajeti ipo, halafu mweleze kwa heshima kwamba idara yake inaleta mahitaji na vigezo lakini haichagui wa kumpa kazi, mchakato unapita kwenye NeST, na haraka yake haigeuzi jambo kuwa dharura. Akisema tuzigawe vipande vipande ili tukwepe ukomo wa thamani ya manunuzi, sheria inakataza. Jibu la namna hiyo linaonyesha unaweza kukaa ofisini. Pitia na mambo ya PSPTB, hiyo ndo bodi yetu ya wataalamu wa ununuzi na ugavi.

BintiUgavi
Asanteni mno, wakili nimeshampata. Kiingereza changu cha kuongea ndo kinanipa hofu, nikikwama?

Mama Wawili
Mdogo wangu wakikuuliza kwa Kiingereza anza kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, ukikwama kabisa omba kwa adabu umalizie kwa Kiswahili, kuliko kukaa kimya. Kwenye kujieleza usiwasimulie ukoo wala shule ya msingi. Sema umesoma nini, halafu ingia kwenye hiyo stoo, usiidharau eti kibarua. Ulipokea mzigo ukalinganisha na oda na delivery, ukajaza leja, ukahesabu stoku ukakuta upungufu ukaripoti kwa nani. Hiyo ni ugavi kabisa na wenzako wengi waliotoka chuo moja kwa moja hawana. Fanya mazoezi kwa sauti mbele ya mtu, sio kichwani.

Akitokea mtu anakupigia simu anauza maswali au anataka hela akuwekee jina, kata simu. Na ukifaulu halafu nafasi zikajaa usikate tamaa, wanaweka watu kwenye kanzidata na wengi wamepangiwa vituo kutokea huko. Ukirudi uje utuandikie walikuuliza nini, kuna wenzio wa kada hiyo bado wanasubiri kuitwa.