Ushauri: kozi na cheti cha kukausha nyumba zilizoingia maji, kwa hali ya hewa ya huku pwani

Mchapakazi_Tabata
Wakuu, habari za majukumu. Niko Dar, kazi yangu ni usafi wa majengo: kunyonya maji, kuosha mazulia na sofa. Kila masika tunaitwa kwenye nyumba zilizoingia maji. Tunayatoa, tunapiga deki, tunawasha feni, mteja anashukuru. Wiki kadhaa baadaye rangi inavimba kuanzia chini, kabati la nguo linanuka, ukungu mweusi unatambaa nyuma ya kitanda. Inaniuma, maana humo ndani wanalala watoto.

Nasikia kuna mafunzo kamili ya kukausha majengo, tena yenye cheti kinachotambulika nje. Nianzie wapi? Na je, yanafaa kwa joto na unyevu wetu? Kwa sasa naweza kulipia kozi moja tu.

Bongo_Houston
Mkuu, hongera kwa kuliwaza hilo. Cheti unachokisikia ni cha IICRC, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1972. Kozi ya kwanza inaitwa WRT, ndiyo msingi wa kazi ya maji. Ukishaipata ndipo unaruhusiwa kufanya ASD, ambayo ni ya kukausha jengo lenyewe. WRT unaweza kuisoma mubashara kwa intaneti. Kipindi cha saa 2 asubuhi hapa Houston, wakati wa kiangazi, kwenu ni saa 10 jioni, kwa hiyo hata kazini unakwenda. Mtihani ukishapita kuna ada ya kila mwaka ya kukihuisha cheti, iweke kwenye hesabu mapema.

Utafundishwa kuyapanga maji kwa aina 3: ya bomba safi, yenye uchafu kiasi, na machafu kabisa. Mafuriko ya barabarani na maji ya choo yako aina ya 3. Hapo godoro na zulia havikaushwi, vinatupwa. Kisha kuna madaraja 4 ya ugumu wa kukausha, na daraja la 4 ndilo lako: zege, tofali, plasta, mawe. Walimu wengi hapa wanatolea mifano kuta za mbao na jipsamu, kwa hiyo muulize mwalimu wako maswali mengi kuhusu daraja hilo.

Kuhusu hali ya hewa usiwe na shaka. Houston ni joto na jasho kama Dar, na baada ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, kazi hii ilifanyika katika unyevu huo huo. Ila kwa wenzetu walioko hapa: Texas ina leseni yake ya jimbo ya kuondoa ukungu, cheti cha kukausha hakikupi ruhusa hiyo.

Nyali_Fundi
Ndugu yangu, mimi niko Mombasa. Jambo linalotuharibia kazi huku pwani ni madirisha. Kila mtu anakuambia fungua nyumba ipate hewa. Sasa piga hesabu: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina karibu gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa hiyo itaukausha ukuta saa ngapi? Na nyumba ikiwa na kiyoyozi ni balaa zaidi, maana hewa hiyo ikigusa ukuta wa nyuzi 22 inatoa jasho pale pale.

Funga chumba, weka mashine ya kuvuta unyevu, elekeza feni zipulize ukutani. Pima unyevu wa hewa ya ndani na ya nje asubuhi na jioni, uandike. Ya nje ikiwa kavu kuliko ya ndani, hapo ndipo unafungua. Na usichelewe, ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Umeme ukikatika, jenereta libaki nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake unaua.

Bi_Shangani
Kaka, naomba niongeze kwa wenye nyumba za zamani. Huku Mji Mkongwe kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana, zinakunywa maji na kuyaachia taratibu. Ukizilazimisha kukauka kwa joto kali, chumvi inajaa juu na kuichambua plasta. Kosa kubwa ninaloliona ni kuziba ukuta ulioloa kwa saruji au rangi ya mafuta. Maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Ibanduliwe plasta ya saruji, ukuta upumue, kisha irudishiwe chokaa. Kazi hii inataka miezi, na mteja aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Mchapakazi_Tabata
Nawashukuru sana. Bi Shangani, hilo la rangi ndilo ninaloshindana nalo, wateja wanataka kupaka kabla ya sikukuu. Nitawaonyeshaje kwamba bado? Na kati ya kozi na mashine, nitangulize kipi?

Nyali_Fundi
Kipande cha nailoni nzito, kama nusu mita kila upande. Kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote 4, kiache usiku kucha, kama saa 16. Asubuhi mfungulie mteja mwenyewe: akikuta matone chini yake au sakafu imekolea rangi kwa unyevu, maji bado yanapanda. Ukutani tumia mita ya unyevu, ulinganishe na ukuta wa chumba ambacho hakikuingia maji.

Bongo_Houston
Tanguliza mita, halafu WRT, halafu mashine. Mashine ya mtu asiyepima inakula umeme tu. Na ukipata nafasi VETA, vyuo vya ufundi vya serikali huko, kozi ya majokofu na viyoyozi itakufaa: mashine nyingi za kuvuta unyevu zinafanya kazi kwa mfumo ule ule wa friji, yako ikiharibika utaweza kuitengeneza mwenyewe. ASD iache mpaka uwe na nyumba kadhaa ulizoandika vipimo vyake, utaingia darasani na maswali ya kweli.