Mkataba unaisha, kodi inakaribia: mtu anamkabidhi Mungu kesho yake kwa vitendo gani?

Mlezi_Vijana (Tabata)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi ijayo kikundi chetu cha vijana wafanyakazi kinajadili hofu ya kesho, na somo naliandaa mimi. Niliwaomba waandike maswali kwenye karatasi bila majina. Yamekuja yaleyale ya hapa Dar: mkataba umebakiza miezi mitatu na bosi hajasema neno, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ada za Januari, mzazi kijijini anayesubiri kutumiwa hela kila mwisho wa mwezi. Kadhaa wameandika kwamba wanaomba sana, ila wakisema "Amina" wasiwasi uko palepale, na sasa wanaanza kuona hata imani yenyewe hawana.

"Mwachie Mungu" wameshaisikia. Ninachotafuta ni namna: anamwachiaje? Afanye nini saa nane usiku usingizi unapokata? Na anayeweka akiba na kupeleka CV kwingine, je, amepungukiwa imani? Naomba mnaoyajua mambo haya kwa undani mnisaidie, kwa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya.

---

Mwalimu_wa_Neno (Kimara)

Amina, mtumishi. Anza na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Mathayo 6:25 na Wafilipi 4:6 zote mbili zina kitenzi kimoja cha Kiyunani, merimnao. Biblia ya Union inasema "msisumbukie" na "msijisumbue". Sasa wafungulie Wafilipi 2:20: kitenzi kilekile kinatumika Paulo akimsifu Timotheo kwamba ataiangalia hali yao kweli kweli. Na 2 Wakorintho 11:28, pale Paulo anapotaja "maangalizi ya makanisa yote", ni nomino ya shina hilohilo. Kwa hiyo kijana anayewaza ada ya mdogo wake hajatenda dhambi kwa kuwaza. Anachokatazwa ni kuibeba leo siku ambayo haijafika, tena kuibeba kama mtu asiye na Baba. Soma sababu anayoitoa Yesu katika Mathayo 6:32: Baba yenu anajua kwamba mnahitaji hayo yote.

Kisha 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Watu huisoma peke yake, wakati sentensi imeanzia aya ya 6: nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu. Kumtwika ndiyo namna ya kunyenyekea. Na Kiswahili kimetusaidia sana hapa, kwa sababu kutwika sote tunakujua: unainua ndoo, unaiweka kichwani pa mwenzako, mikono yako inabaki mitupu. Kitenzi cha Kiyunani kinatokea mara mbili tu katika Agano Jipya, hapa na Luka 19:35, pale walipotupia mavazi yao juu ya mwana-punda. Punda ndiye aliyeyabeba.

Namna ya kufanya, basi. Daftari, dakika 15, jioni, mezani au kwenye kiti. Kitandani hapana.

Andika kila hofu kwa sentensi moja yenye tarehe au kiasi. "Naogopa maisha" haifai. Andika: "Mkataba unaisha baada ya wiki 13, kodi ni 900,000, mkononi nina 350,000." Hofu isiyo na tarakimu haina mwisho, yenye tarakimu ina ukubwa wake. Chini ya kila sentensi jiulize: kuna kitu ninachoweza kukifanya kabla ya kulala kesho? Kama kipo, andika kimoja tu, na saa yake ("saa nne asubuhi nimwombe meneja dakika kumi"). Kama hakipo, hilo ni la Mungu moja kwa moja. Lisome kwa sauti kama haja, kwa jina lake, mara moja. Halafu shukrani tatu za wiki hiyohiyo, zenye sura: nani alikusaidia, ulikula wapi, nini kilipona. Wafilipi 4:6 inaweka kushukuru ndani ya sala yenyewe, na watu wengi wakiwa na hofu ndicho kitu cha kwanza wanachokiacha. Funga daftari.

Hofu itarudi, labda kabla hujafika kwenye mlango wa jikoni. Usianze ibada upya. Sema, "Bwana, hili nimeshakutwika, bado ni lako," uendelee na kazi ya mikono. Ikirudi mara arobaini, litwike mara arobaini. Wale vijana wanaodhani imani imewaisha wanakosea hapa: wamechukulia kurudi kwa hofu kuwa ushahidi kwamba hawakuikabidhi.

Kosa lingine ni sala inayogeuka kuwa wasiwasi uliofumba macho. Mtu anapiga magoti nusu saa akimweleza Mungu tatizo kwa pande zote, hakuna haja aliyoitaja, hakuna shukrani, anainuka amechoka kuliko alivyopiga magoti. Huyo mfupishie: dakika tano, aombe, ashukuru, aseme Amina.

Kwa siku ya Alhamisi tumia Zaburi 13. Ina aya sita tu. Mbili za kwanza zinauliza "hata lini" mara nne. Ya 3 na ya 4 zinaomba. Ya 5 na ya 6 zinatumaini. Kati ya aya ya 4 na ya 5 Daudi hatuambii kwamba hali yake imebadilika kwa lolote. Kila mmoja aandike ya kwake kwa kipimo hichohicho: mistari miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Dakika 20 zinatosha. Usiruhusu mtu aruke miwili ya kwanza kwa kuona aibu.

---

Mwanajumuiya_Msimbazi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nijibu la saa nane usiku tu.

Usiku ule hakuna linaloamuliwa, kwa hiyo mtu asipige hesabu ya kodi. Aweke karatasi karibu na kitanda, aandike neno moja ("ada"), basi; litashughulikiwa kwenye zile dakika 15 za jioni. Halafu apumue na zaburi: avute hewa kwa hesabu ya nne, "Bwana ndiye mchungaji wangu", aitoe polepole kwa hesabu ya sita, "sitapungukiwa na kitu". Dakika tano. Kutoa hewa kuwe kurefu kuliko kuvuta, huko ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Akihesabu haraka haraka haitafanya kazi.

Ikipita kama dakika 20 hajalala, aondoke kitandani, akae kwenye kiti, taa iwe hafifu, simu aiache mbali, asome zaburi moja tu. Arudi usingizi ukimshika. Kitanda kikizoeleka kuwa mahali pa kuwazia, mwili nao unajifunza hivyo.

Maneno ya mwisho kabla ya kulala yawe yale ya sala ya usiku: mikononi mwako naiweka roho yangu. Ni Zaburi 31, na Bwana wetu aliyasema msalabani, Luka 23:46. Anayefanya kazi mjini, mchana akipata robo saa na milango ikiwa wazi, aketi kimya katika kanisa la Mtakatifu Yosefu au la Azania Front, zote ziko karibu na bahari, hatua chache tu kutoka maofisini.

---

Mlezi_Vijana (Tabata)

Asanteni sana. Zaburi 13 naichukua kama ilivyo. Bado lile la akiba. Na kuna kijana ameshauriwa atoe hela ya kodi kama sadaka ya mbegu, yaani apande hela ili Mungu amrudishie, na mkataba ufunguke. Nimjibu nini bila kumvunja moyo wa kutoa?

---

Mhasibu_wa_Parokia

Kaka, huyo mwambie wazi, na umwambie mapema. Mfungulie 2 Wakorintho 8:12: utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Hela ya kodi ina mwenyewe tayari. Aendelee kutoa fungu lake la kawaida kwa furaha, maana 9:7 inasema si kwa huzuni wala kwa lazima. Sadaka inayotolewa ili kununua mkataba imetoka kwenye ile hofu ileile tunayotaka kuiponya.

Kuhusu akiba, Kutoka 16 ina jibu lote. Mana ilikuwa pishi moja kwa kila kichwa, na iliyobakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Wengi huishia hapo. Siku ya sita waliokota maradufu, wakaiweka, na haikuharibika. Kuweka lilikuwa jambo lilelile. Tofauti ilikuwa kama Mungu ameagiza au wamemshuku. Yusufu naye aliweka sehemu ya tano ya mavuno ya Misri miaka saba. Nehemia 4:9: waliomba, wakaweka walinzi, katika aya moja. Na yule tajiri wa Luka 12 hakulaumiwa kwa ghala. Msikilizeni tu anavyosema "mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu", Mungu hayumo.

Tuchukue mfano wa Mwalimu. Kodi 150,000 kwa mwezi, miezi sita ni 900,000. Mkononi 350,000, pengo ni 550,000, wiki ni 13: kama 42,300 kwa wiki. Mshahara mdogo hauwezi. Akienda kwa mwenye nyumba sasa hivi, asisubiri wiki ya mwisho, akaomba alipe miezi mitatu, anahitaji 450,000: pengo ni 100,000, kama 7,700 kwa wiki. Hilo linabebeka. Anaweza kukataliwa, ndiyo, lakini miezi mitatu kabla bado ana nafasi ya kutafuta chumba kingine. Kinachowaumiza watu ni kukaa kimya kwa hofu huku wakiuita ukimya huo imani, halafu wiki ya mwisho wanakimbilia mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa.

Kazini aulize hatima ya mkataba kwa maandishi. Aangalie NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kama michango yake inaingia kweli. Fao la kukosa ajira linadai uwe umechangia angalau miezi 18 na kazi usiwe umeiacha mwenyewe. Haya yote yanaingia kwenye "kitu kimoja kabla ya kulala kesho".

---

Mshauri_Afya (Temeke)

Shalom. Naomba Alhamisi mtenge hata dakika kumi kwa ajili ya mwili. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Swali "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baada ya mwendo wa siku arobaini.

Wasiwasi wa kawaida hupanda na kushuka na jambo lenyewe. Ukidumu siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi sita, mtu akashindwa kuuzuia, usingizi ukaharibika, misuli ikakaza, kazi ikamshinda, huo ni ugonjwa unaotibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au vyote. Asisubiri miezi sita itimie kama tayari hali chakula wala hapati usingizi. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka kunaweza pia kutokana na tezi ya shingo au upungufu wa damu, kwa hiyo apimwe kwanza. Na waulizeni wanakunywa nini: nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano hivi baadaye, kwa hiyo kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu cha saa kumi na moja jioni bado kinafanya kazi mtu anapotaka kulala.

Aanzie kituo cha afya cha karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa (Amana, Temeke, Mwananyamala). Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Aliyeanzishiwa dawa asiziache kwa kuwa ameombewa. Nyingine zikikatwa ghafla zinaleta dalili mbaya kuliko mwanzo. Zinapunguzwa na daktari. Akitamka kwamba anatamani kufa, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Nawasihi viongozi: ulizeni usingizi na chakula kabla ya kutaja pepo.

---

Mwalimu_wa_Neno (Kimara)

Ushauri huu wa afya usomwe mbele ya kikundi neno kwa neno.

Niongeze moja, maana bila shaka mtu ataleta Yeremia 29:11. Ni ahadi ya kweli, lakini ni barua kwa mateka waliokuwa Babeli, na aya ya 10 inataja miaka 70. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko. Kijana akiichukua kama ahadi kwamba mkataba wake utasainiwa, usiposainiwa atadhani Mungu amemdanganya. Mwonyeshe mapema.

---

Mlezi_Vijana (Tabata)

Nimepokea. Swali la mwisho: mtu akishaandika hofu zake, azisome mbele ya kundi zima? Tuko kama 18.

---

Mwanajumuiya_Msimbazi

Hapana, wataona aibu kusema. Wagawe watatu watatu, mtakuwa na makundi sita, wanaume peke yao na wanawake peke yao kama wanapenda. Kila mmoja dakika nne: haja moja yenye tarakimu, na kile kitu kimoja cha kesho. Wenzake wawili hawatoi ushauri, wanaandika tarehe tu, kisha mmoja anamwombea kwa sentensi mbili. Wagalatia 6:2 inasema mchukuliane mizigo, na aya ya 5 inasema kila mtu atalichukua furushi lake. Ule mzigo unaomlemea, kama kodi yote, hapo jumuiya inaweza kuchanga. Furushi, kama kumkabili meneja, aende mwenyewe, na wenzake wampigie jioni hiyo kumuuliza alikwenda au hakwenda.

Kubalianeni pia kwamba yaliyosemwa hayatoki, hata kwenye kundi la WhatsApp kama "tumwombee fulani".